Beleshi Jepesi la Theluji: Gramu, Bei na Aliyefukiwa

Beleshi unalolibeba mgongoni unapopanda mlima wa theluji halitakufukua wewe. Maporomoko yakikuangukia, litafukiwa pamoja nawe, limefungwa ndani ya begi lako, na uhai wako utakuwa mikononi mwa mwenzako na beleshi alilonunua yeye. Lako ni kwa ajili yake. Ukilishika jambo hilo kabla ya kuingia dukani, nusu ya maswali ya gramu na bei yanajijibu yenyewe, maana mbele ya kila beleshi utajiuliza kama ungekubali kufukuliwa nalo.

Hata hivyo suala la uzito ni la kweli. Mpandaji wa majira ya baridi hubeba kamba, shoka la barafu, kramponi, nguo za kubadili, jiko na chakula, na juu ya hayo vifaa vitatu vya maporomoko: transiva inayotoa na kupokea mawimbi ya redio, ufito mrefu wa kuchomea theluji mpaka umguse aliyefukiwa, na beleshi. Vyote hivyo hupandishwa mita elfu moja au zaidi kwa siku, na mtu aliyechoka hukosea njia, hukosea fundo, hukosea hatua. Kwa hiyo anayehesabu gramu namwelewa. Ninachomwomba ni azihesabu zote, pamoja na zile za theluji itakayopita juu ya bapa la beleshi.

Siandiki haya kwa anayekwenda Kibo. Njia za kawaida za Kilimanjaro hazidai beleshi. Naandika kwa Mswahili anayeishi Innsbruck, Geneva, Glasgow au Calgary, aliyejiunga na chama cha wapandaji na sasa anataka kwenda milimani wakati wa baridi. Na kwa waongozaji vijana wa Moshi na Nanyuki wanaopata nafasi ya kusomea kazi yao kwenye milima ya nje. Njia hiyo imeshakanyagwa. Mkenya James Kagambi, aliyefika kilele cha Everest mwaka 2022, alifundisha kwa miaka mingi katika NOLS, shule ya safari za nyikani ya Marekani, na kwenye safari za theluji beleshi ni chombo cha kila siku.

Tuanze na muda, kwa sababu ndio unaopanga bei ya kila kitu kingine. Mwaka 1994 Markus Falk, Hermann Brugger na mwenzao walichapisha katika jarida la Nature hesabu za watu waliofukiwa na theluji katika milima ya Uswisi. Uwezekano wa kuwa hai kwa aliyefukiwa dakika 15 ulikuwa asilimia 92. Kufikia dakika 35 ulikuwa umeanguka hadi asilimia 30. Uchambuzi mpya wa takwimu za Uswisi, uliotoka mwaka 2024, ni mkali zaidi: kile kipindi kizuri cha mwanzo sasa kinahesabiwa kuwa dakika 10 tu. Wengi hufa kwa kukosa hewa, muda mrefu kabla baridi haijawafikia.

Transiva za kisasa zikiwa mikononi mwa aliyezizoea humpata mtu kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kuchimba. Wamarekani Bruce Edgerly na Dale Atkins walilisema hilo wazi mwaka 2006, wakashauri kwamba usitoboe shimo wima juu ya aliyefukiwa. Shuka upande wa bondeni, umbali wa mara moja na nusu ya kina chake, uchimbe kumwendea kwa ubavu. Mswisi Manuel Genswein naye amefundisha wachimbaji wengi kujipanga kwa umbo la herufi V, wa mbele akikata theluji na walio nyuma wakiisukuma itoke njiani, huku wakibadilishana nafasi kabla mtu hajaishiwa nguvu.

Sasa hesabu ya karatasi. Tuseme mtu yuko chini mita 1. Njia ya kumfikia ina upana wa mita 2 na urefu wa mita 2, na kina chake kwa wastani ni sentimita 60, kwa kuwa upande wa bondeni unaanza juujuu. Hizo ni mita za ujazo 2.4. Theluji ya maporomoko ikishasimama hubanana, na kilo 400 kwa mita moja ya ujazo ni kadirio la kawaida. Jumla ni kilo 960: karibu tani nzima, ya kuondolewa na watu wenye hofu na pumzi fupi.

Bapa la lita 2.5 huchota kilo 1 kwa mara moja. Bapa dogo la lita 1.5 huchota gramu 600. La kwanza litamaliza kazi kwa michoto 960, la pili kwa michoto 1,600. Watu watatu, kila mmoja akichota mara 30 kwa dakika, watahitaji dakika 11 hivi wakiwa na la kwanza, na dakika 18 wakiwa na la pili. Mlimani mambo hayaendi kwa unyoofu huo. Theluji hutoka kwa vibonge vinavyozidi ujazo wa bapa, mtu huchoka, mwingine anapigana na jiwe au tawi la msonobari. Lakini tazama mahali zilipoangukia zile dakika 7. Ziko palepale ambapo uwezekano wa kuwa hai, katika hesabu za Falk na Brugger, unaanza kuporomoka.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba beleshi lenyewe nalo huinuliwa kila mara. Likiwa jepesi kwa gramu 250, katika michoto 960 mikono yako imeokolewa kilo 240. Hoja hiyo ni nzuri na inapaswa kuchukuliwa kama ilivyo: wepesi ni faida hata wakati wa kuchimba, mradi bapa halikupunguzwa. Ukikuta beleshi ambalo gramu zake zimetoka kwenye mpini huku bapa likibaki kubwa na gumu, hapo umepata kitu cha thamani. Ukikuta zimetoka kwenye bapa, umeuziwa michoto 640 ya ziada.

Mabeleshi ya kawaida ya maporomoko, yenye bapa la alumini na mpini unaorefuka, huwa na uzito wa gramu 650 hadi 850. Yale makubwa ya safari ndefu hukaribia kilo moja. Yanayoitwa mepesi huanza chini ya gramu 600, na machache hushuka hadi 400 na ushei. Watengenezaji ni walewale katika madaraja yote: Ortovox ya Ujerumani, Mammut ya Uswisi, Pieps ya Austria, Arva ya Ufaransa, Camp ya Italia, na Wamarekani Black Diamond, BCA, Voile na MSR. Karibu kila mmoja wao ana beleshi zito na beleshi jepesi, kwa hiyo jina la kampuni halikuambii mengi. Kinachokuambia ni mahali uzito ulipopunguzwa.

Mahali pa kwanza ni mpini. Mpini wa vipande viwili vinavyoingiana ukiondolewa kipande kimoja, gramu 100 hivi zinatoweka, na ndiyo njia rahisi kuliko zote za kutengeneza beleshi la bei nzuri lenye lebo ya wepesi. Mpini mfupi unatosha ukichimba umepiga magoti, na kwenye hatua za mwanzo za kumwendea aliyefukiwa wengi hupiga magoti. Lakini shimo likishapanuka unahitaji kusimama, kuzungusha kiuno, kutumia mapaja. Mpini wa sentimita 50 unakukunja, na mtu aliyekunjika hachoti mara 30 kwa dakika. Mimi naona mpini unaorefuka unastahili gramu zake zote. Mpini wenye matundu ya kupunguza uzito sina shida nao. Mpini wa mviringo mtupu, usio na kona, una kasoro yake: bapa linaweza kujizungusha ukiwa unaunganisha kwa haraka, na unajikuta unatafuta tundu la kitufe kwa vidole vilivyokufa ganzi. Umbo la yai au la pembetatu huingia kwa namna moja tu.

Mahali pa pili ni kishikio. Cha umbo la D hukuruhusu kushika kwa mkono mzima ndani ya glavu nene. Cha T ni chepesi zaidi na huingia begini bila kukwama. Hapa chagua upendacho, maana tofauti ni gramu chache. Usikubali tu mpini usio na kishikio kabisa. Ncha ya bomba la alumini kwenye kiganja kilicholowa itakuchosha kabla ya theluji.

Mahali pa tatu, na pa hatari, ni bapa. Alumini nzuri ya mabeleshi huwa aina ya 6061 iliyopitishwa motoni ili iwe ngumu, hali inayoandikwa T6. Bapa la namna hiyo linaweza kukata. Neno kukata ndilo la kushika hapa, kwa sababu theluji ya maporomoko haichotwi ikiwa imelala. Inaposuguana ikiteremka, chembe zake hupata joto kidogo, na ikisimama hushikana kwa dakika chache hadi kuwa ngumu kama udongo wa kiangazi. Mchimbaji anapigilia bapa kama anavyopigilia jembe, anakata bonge, halafu ndipo anainua. Bapa jembamba mno linatetema na kupinda kona. Ukitaka kujua kama la jepesi unaloliangalia limekonda kupita kiasi, angalia kama lina migongo, yaani mikunjo iliyobonyezwa kwenye alumini kutoka shingoni hadi ukingoni, kwa maana mikunjo hiyo ndiyo inayolipa ugumu uliopotea kwa wembamba. Angalia pia ukingo wa juu kama ni mpana wa kutosha kukanyagiwa na buti.

Bei. Katika maduka ya Ulaya, beleshi zuri la alumini la uzito wa kawaida hupatikana kwa takriban euro 45 hadi 65. Jepesi la alumini ni euro 60 hadi 80. Lenye mpini au bapa la nyuzi za kaboni huanza karibu euro 90 na linaweza kupita 130. La plastiki hushuka hadi 25 au 40. Ukilinganisha na transiva, ambayo mara nyingi hugharimu euro 250 hadi 400, beleshi ni kitu cha bei nafuu katika seti, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: mtu ameshatoa mia tatu kwa kile kinachotoa mlio, anataka kupumzika kwenye hiki cha kuchimbia. Nashauri kinyume. Transiva ikikupeleka dakika moja mapema na beleshi likakuchelewesha dakika saba, pesa zako zimekaa mahali pasipo pake.

Chukua mfano wa mabeleshi matatu. La gramu 750 kwa euro 55, la gramu 550 kwa euro 70, la gramu 450 kwa euro 120. Kutoka la kwanza kwenda la pili unapunguza gramu 200 kwa euro 15, yaani senti saba na nusu kwa kila gramu. Hiyo ni bei nzuri sana katika ulimwengu wa vifaa vya milimani. Kutoka la pili kwenda la tatu unapunguza gramu 100 kwa euro 50, senti 50 kwa gramu. Ngazi hii ya pili ni ghali karibu mara saba ya ile ya kwanza, na kwa mtu ambaye bado anavaa kramponi za chuma nzito au anabeba lita mbili za maji penye kibanda cha wapandaji njiani, haina maana yoyote. Gramu 100 ni robo kikombe cha chakula na vijiko viwili vya ziada begini. Zitoe huko kwanza, bure, halafu urudi kwenye kaboni ukiwa umebaki na pesa.

Kaboni yenyewe ni nzuri pale ilipo kwenye mpini: ni ngumu, na kwenye baridi kali haikunyonyi joto la mkono kama alumini. Udhaifu wake ni kwamba ikipata pigo la jiwe au ikibanwa na meno ya kramponi ndani ya begi inaweza kuumia ndani bila kuonyesha nje. Alumini hujipinda, ukaona. Kwa mwongozaji anayepanda kila siku msimu mzima, nyuzi hizo zina faida. Kwa anayekwenda mara chache kwa mwaka na kutupa begi kwenye buti ya gari, alumini ni rafiki mwenye kusamehe zaidi.

Kuhusu plastiki sina maneno mengi. Polikaboneti haivunjiki ovyo, na kwa kufagia theluji laini mbele ya hema inafanya kazi. Ukiipigilia kwenye theluji ya maporomoko iliyoshikana, inapinda na kudunda. Anayeingia kwenye miteremko yenye hatari ya maporomoko asiinunue hata akipunguziwa bei. Rahisi ghali, na hapa anayelipa ni mwingine.

Kuna pia vitu vinavyoitwa mabeleshi ambavyo si mabeleshi kamili. Kimoja ni sahani ya plastiki yenye matundu ya kushikia, isiyo na mpini. SnowClaw ya Marekani ndiyo inayojulikana zaidi, na ina uzito wa gramu 170 hivi. Kingine ni bapa linalofungwa kwenye mpini wa shoka la barafu. Hivi vina mahali pake. Anayevuka uwanda wa barafu majira ya joto, anayehitaji kusawazisha kitako cha hema au kujichimbia kinga ya upepo akicheleweshwa na giza, atashukuru kuwa na sahani ya gramu 170 kuliko kutokuwa na kitu. Wakati wa baridi, penye miteremko ya nyuzi 30 na zaidi iliyojaa theluji mpya, havitoshi. Bapa la kufunga kwenye shoka lina shida ya ziada: mara nyingi unahitaji shoka na beleshi kwa wakati mmoja, na maungio yake hulegea ukianza kukata kwa nguvu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba beleshi ni la maporomoko tu, na kwa anayeteleza na skii siku moja kisha kurudi nyumbani ni kweli. Mpandaji wa safari ndefu analitumia zaidi kwa makazi kuliko kwa uokoaji. Mfano bora ni Denali, Alaska, wenye kimo cha mita 6,190. Pale timu huchimba kila siku. Huchimba kitako cha hema, hukata matofali ya theluji na kujenga ukuta wa kuzuia upepo, hutengeneza jiko na meza kwa theluji, na huzika akiba za chakula na mafuta njiani ili wazirudie kesho. Akiba hizo huzikwa kina cha mita 1 au zaidi na kuwekewa vijiti vya alama, kwa sababu kunguru wa mlima ule wamejifunza kufukua chakula cha wapandaji na hawaachi kitu. Katika kambi ya mita 4,300 dhoruba inaweza kudumu siku kadhaa, na mtu huamka usiku mara nyingi kufukua hema lisije likalemewa, na kufungua matundu ya hewa. Hilo la hewa naliomba lisichukuliwe kama jambo dogo: jiko likiwaka ndani ya hema au pango la theluji lililozibwa, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hujaa bila harufu, na watu wameshakufa kwa namna hiyo wakiwa wamelala.

Kwa safari ya Denali gramu 450 ni uchumi mbaya. Nunua beleshi la gramu 750 na kuendelea, lenye bapa pana lisilo na tumbo kubwa sana ili liweze kukata matofali yaliyonyooka, na mpini mrefu. Kikundi cha watu wanne kinaweza kubeba mawili makubwa na mawili mepesi, wakagawana kazi: makubwa kambini, mepesi siku ya kileleni. Mpango huo ni nafuu zaidi kuliko kila mtu kununua la kaboni, na unafanya kazi vizuri zaidi.

Uskoti ni habari nyingine. Milima ya Cairngorm haifiki hata mita 1,400, lakini upepo wake ni wa kuogopwa na mchana wa Desemba ni mfupi mno. Wanafunzi wa kituo cha Glenmore Lodge hufundishwa kujichimbia pango la dharura. Huko mpandaji hubeba kamba na vyuma vya kupandia kuta zenye barafu, begi ni dogo, na bapa pana halikai. Beleshi la gramu 500 hadi 600, lenye bapa la alumini la ukubwa wa wastani, linafaa kabisa, na hapa ndipo ninapolitetea beleshi jepesi bila kusitasita. Litakuwamo begini siku zote. Lile la gramu 850 litaachwa ndani ya gari siku ambayo anga inaonekana nzuri asubuhi.

Mabeleshi mengi ya sasa yanaweza kugeuzwa bapa likakaa pembe na mpini, yakawa jembe kamili. Kwa sisi tuliokulia mashambani faida yake haihitaji maelezo: mtu anavuta theluji kuja kwake na kuipitisha kati ya miguu badala ya kuinyanyua. Katika ule mpangilio wa V, walio nyuma wakiwa na majembe huhamisha theluji nyingi kwa nguvu kidogo. Kipengele hicho huongeza gramu kadhaa na euro chache. Kama mnakwenda kundi la watano au sita, hakikisheni angalau wawili wanacho. Kama ni wawili tu kwenye kamba moja, mmoja akifukiwa anabaki mchimbaji mmoja, naye atakuwa anakata na kuinua muda wote. Msilipie jembe, lipieni bapa.

Kuna kiwango cha kimataifa cha kukusaidia kuchagua, na wauzaji wengi hawakitaji. Shirikisho la vyama vya upandaji milima duniani, UIAA, lina kiwango namba 156 kinachopima nguvu za mabeleshi ya maporomoko. Tafuta namba hiyo kwenye lebo au kijitabu. Beleshi jepesi lililopita kipimo hicho limeshajibu swali la uimara ambalo macho ya mnunuzi hayawezi kulijibu. Lisilo nacho si lazima liwe baya, hasa kama ni la miaka ya nyuma, lakini mzigo wa kulichunguza unabaki kwako.

Namna ya kulichunguza ni hii. Vaa glavu nene ulizonazo, si zile nyembamba za dukani. Liunganishe ukiwa umefumba macho. Ukishindwa mara mbili, lirudishe kwenye rafu. Kisha lisimamishe sakafuni, weka buti kwenye ukingo wa juu, sukuma mpini mbele na nyuma, usikilize maungio. Mchezo mdogo upo katika mabeleshi yote ya kuunganishwa; mlio wa chuma kugongana na shingo inayocheza kwa upana wa kidole ni dalili ya tundu lililotoboliwa vibaya. Mwisho liingize ndani ya begi lako halisi. Linatakiwa likae ndani, vipande viwili, mahali pa kulichomoa bila kutoa kitu kingine. Likifungwa nje linaweza kung'olewa na maporomoko yenyewe.

Kwa mwenye mfuko mwembamba kuna njia tatu halali. Vyama vya wapandaji, kama DAV cha Ujerumani na matawi yake mengi, huazimisha wanachama vifaa kwa ada ndogo, na kwa anayejaribu msimu wa kwanza hiyo ndiyo njia ya busara kuliko zote. Ya pili ni kusubiri Machi na Aprili, maduka yanapopunguza bei ili kupisha bidhaa za kiangazi. Beleshi halipitwi na wakati kama transiva, na la mwaka jana linachimba sawa na la mwaka huu. Ya tatu ni kununua lililotumika. Transiva ya mtu usiyemjua nisingeigusa, lakini beleshi la alumini linasomeka kwa macho. Tazama matundu ya vitufe: yakiwa yamepanuka na kuwa marefu, achana nalo. Tazama shingo, pale bapa linapokutana na mpini, na ribiti zake, kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Bonyeza vitufe mara kumi, springi ziwe zinarudi zote. Kona iliyopinda kidogo unaweza kuinyoosha, na ukingo uliochakaa unanolewa kwa tupa kwa dakika kumi.

Nikitakiwa kumchagulia mtu mmoja beleshi moja, mkazi wa Ulaya anayepanda milima ya Alpi wikiendi za baridi, mwenye euro 70 na begi la lita 35, nitampa la alumini la gramu 550 hadi 650, mpini unaorefuka, bapa lisilopungua lita 2, kishikio chochote anachokipenda, na alama ya UIAA 156. Euro zitakazobaki, kama zipo, aongezee kwenye ufito wa kuchomea wa mita 2.4 au zaidi, kwa kuwa ule mfupi unaofungashwa kwenye seti za bei nafuu ndio unaofuata kwa kuchelewesha watu. Akienda Alpi za Uswisi, taarifa ya maporomoko inayotolewa na SLF, taasisi ya theluji ya Davos, haimgharimu kitu. Wakati wa baridi hutoka saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi. Aisome ile ya jioni kabla ya kufunga begi, kwa sababu kuna wikiendi ambazo taarifa hiyo itamwambia aende bonde jingine, au alale.